Paa la Mabati na Pumzi ya Usiku

Mashine ya CPAP haikubuniwa kwa ajili ya chumba chenye paa la mabati katika uwanda wa Athi mwezi wa Februari, na mtu anayeivaa kwa mara ya kwanza huko Kitengela hulitambua jambo hilo kabla usingizi haujamjia. Ilibuniwa mwaka 1980 mjini Sydney, Australia, na tabibu Colin Sullivan, aliyekuwa akiwauguza watu ambao pumzi zao hukatika usingizini usiku kucha, na ambao tiba yao ya kutegemewa zama hizo ilikuwa moja tu, nayo ni kutobolewa tundu shingoni ili hewa iingie mapafuni bila kupitia njia iliyoziba. Sullivan alichukua kipulizio chenye mota ya namna ya ile ya kufyonzea vumbi, akakiunga kwa mpira na barakoa iliyogandishwa puani kwa gundi, akampulizia mgonjwa hewa yenye mgandamizo mdogo usiokatika, na mtu ambaye kwa miaka mingi hakuonja usingizi wa haki akalala fofofo. Mwaka 1981 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha habari za wagonjwa watano wa mwanzo, na tangu hapo mitambo imepungua ukubwa na kelele, ila asili yake ni ile ile: hewa hulishikilia koo lisianguke, kama gango linavyoushikilia mfupa uliovunjika.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Huko pwani, tulikolelewa baadhi yetu, mzee akikoroma hata jirani akamsikia ukutani, kisha akanyamaza ghafula, kisha akashtuka akitweta na kushika kifua, watu walisema amekaliwa na jinamizi, akaandikiwa kombe, akalinywa kwa nia safi, na usiku wa pili yakarudi yale yale. Matabibu wa leo huhesabu kila kituo cha pumzi kilichofika sekunde 10 au zaidi; vituo 5 kwa saa, mtu ahesabiwa mgonjwa, na vikifika 30 ugonjwa wake ni mkali. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la maradhi ya kifua la jamaa hiyo hiyo ya Lancet yalisema kuwa watu wapatao milioni 936 duniani, wenye umri wa kati ya miaka 30 na 69, wana ugonjwa huu kwa kadiri moja au nyingine, na walio wengi hawajui. Hujua tu kwamba wanaamka wamechoka, kwamba shinikizo lao la damu halitulii kwa vidonge, na kwamba wakiwa kwenye usukani katika barabara ya Namanga, baina ya Isinya na Kajiado ambako njia imenyooka na jua la mchana limetanda, macho hufumba yenyewe.

Wala sina ugomvi na mashine. Aliyekwisha kuizoea hawezi kusema uongo juu ya faida yake, na mke au mume anayelala kando yake hawezi zaidi. Ugomvi wangu ni na dhana iliyoota mizizi katika zahanati na maduka ya vifaa vya tiba, kwamba mgonjwa asiyeivaa mashine yake miezi ya joto ni mgonjwa mvivu, au mkaidi, au asiyejipenda. Ilhali hakuna aliyemwuliza analala chini ya paa gani.

Kaunti ya Kajiado haina hali moja ya hewa. Loitokitok, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, baridi hushuka hata nyuzi 10. Magadi, kule chini bondeni kwenye ziwa la chumvi nyeupe, joto hupanda hata nyuzi 34. Na Kitengela na mji wa Kajiado imekaa katikati, juu ya uwanda ulioinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana jamaa zetu wa Mombasa hutucheka tunapolalamika. Wao wana joto la kaskazi, lenye jasho na chumvi ya bahari, lisilowapa nafuu usiku wala mchana; sisi tuna joto kavu, na kila mtu ajua kwamba Kitengela saa kumi za alfajiri, hata Februari, mtu hutafuta blanketi. Hayo ni kweli kabisa, walakini mwanadamu halali uwandani pamoja na pundamilia. Hulala chumbani, na chumba kina saa zake.

Mji wa Kitengela ulikua haraka. Malisho ya Wamaasai, yaliyokuwa pia mapito ya nyumbu watokao mbuga ya Nairobi, yalikatwakatwa viwanja, na watumishi wa Nairobi na wa viwanda vya Athi River, vya saruji na vya nguo za kusafirishwa ng'ambo, wakaja kupanga na kujenga, hata hesabu ya watu ya mwaka 2019 ikawakuta zaidi ya 150,000. Wakajengewa nyumba za haraka. Zile za chini huezekwa mabati bila ya silingi; zile za ghorofa hufunikwa slabu ya zege, ambayo hunywa jua tangu asubuhi mpaka magharibi, na inapofika isha, wakati watu wanapotandika vitanda, huanza kulitema jua lile chumbani polepole mpaka baada ya usiku wa manane. Madirisha yapo, lakini hufungwa: kwa sababu ya mbu, kwa sababu ya wezi, kwa sababu ya vumbi la barabara za murramu na kishindo cha malori. Wazee wa Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari la boriti lililoinuliwa juu, na vyumba virefu vyembamba vilivyoukimbia mwanga, na aliyelala humo Machi aliweza kuwaombea rehema. Hata enkaji ya Mmaasai, pamoja na moshi wake usiovumilika kwa mgeni, ina paa la udongo na samadi ambalo jua halipenyi kwa wepesi. Sisi wa baina ya hao wawili ndio tuliochagua bati tupu.

Nilimwuliza fundi mmoja, aliyekuwa akijenga ploti karibu na kwetu, kwa nini vyumba vya kupangisha havitiwi silingi.

"Mzee," akasema, huku akipangusa mwiko, "silingi ni kitu cha mwisho. Mwenye ploti akifika hapo pesa imeisha, na mpangaji haulizi silingi. Anauliza maji na stima."

Basi katika chumba hicho ndimo mashine inamotakiwa kufanya kazi, na hapa lazima niseme jambo ambalo wauzaji hawalitamki. CPAP haipozi hewa. Haina barafu wala gesi ya jokofu; huivuta hewa iliyomo chumbani, huichuja, huigandamiza, huipitisha kando ya mota yake yenye joto, kisha humpulizia mgonjwa, ikiwa imepata joto zaidi kidogo kuliko ilivyokuwa. Kijitabu cha mojawapo ya mashine zinazotumika sana duniani huonya waziwazi kuwa tahadhari ichukuliwe chumba kikizidi nyuzi 32, na kwamba mashine imetengenezwa kufanya kazi katika joto lisilozidi nyuzi 35. Aliyekaa chumba cha juu Kitengela saa tatu ya usiku wa Februari, dirisha limefungwa na slabu i juu ya kichwa chake, hahitaji kipimajoto kujua kwamba yu karibu na ule mpaka wa tahadhari, na wa Magadi, maskini, ameshauvuka.

La kusikitisha zaidi ni kwamba joto lenyewe huuzidisha ugonjwa. Mwaka 2025 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Flinders, huko huko Australia, walitoa matokeo ya uchunguzi uliofuata usingizi wa watu zaidi ya 116,000 kwa kifaa kinachowekwa chini ya godoro, wakaona kwamba katika siku za joto kali uwezekano wa mtu kukatikwa na pumzi usiku huongezeka kwa asilimia 45 hivi. Kwa hiyo usiku ambao mashine yahitajika kuliko siku zote ndio usiku ambao mwili huikataa kuliko siku zote. Na mtu akiitupa kando saa tano, akageuza mto upande wa baridi na kulala kifudifudi, hajatenda ila lile ambalo kiumbe yeyote mwenye damu ya moto angelitenda.

Na tuitazame karibu hiyo barakoa. Ni silikoni laini, iliyokatwa kuzunguka pua au pua na kinywa, imeshikwa kichwani kwa mikanda ya kitambaa kinene chenye kunyumbuka ambacho, kwa baridi ya Ulaya, bila shaka ni faraja. Kitengela, uso unapotoka jasho, silikoni huteleza. Ikiteleza, hewa huvuja kwa mlio mwembamba kuelekea jichoni. Mvaaji huikaza mikanda. Ikikazwa hubana, jasho hukusanyika chini ya ukingo, ngozi ya daraja la pua huchubuka, na alfajiri mtu hujitazama kwenye kioo akaona alama nyekundu iliyomzunguka uso, ambayo abiria wenzake katika matatu wataikodolea macho mpaka Bellevue. Dawa si kukaza. Dawa ni kuoga kabla ya kulala, na kuosha uso kwa sabuni, bila kujipaka mafuta; kisha, kama tabibu hakatai, kuiacha barakoa kubwa na kuichukua ile ndogo inayokaa kwenye matundu ya pua peke yake, ambayo huacha mashavu wazi yapate upepo. Kinamama wa mtaani kwetu wamegundua kwamba leso kuukuu ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi hata ikalainika, ikikatwa mkanda mwembamba na kuwekwa baina ya silikoni na ngozi, hunywa jasho vizuri. Na mimi, ambaye hudharau vifaa vingi vinavyouzwa kwa bei ya mbuzi, naikubali hekima hiyo bila masharti. Feni nayo ielekezwe miguuni na kifuani. Ikiuelekea uso hukausha macho na kurusha vumbi kwenye tundu la kuvutia hewa.

Kuna pia jambo la maji. Mashine nyingi zina chombo cha maji chenye kupasha moto, ili hewa ifike puani na unyevu. Mtu wa Mombasa mwezi wa Aprili aweza kukizima asijute, kwani hewa yake tayari imelowa. Wa Kitengela yu katika mtihani mwingine: hewa yake ni kavu hata pua hutoka damu, kwa hiyo unyevu anauhitaji, lakini moto haumfai. Wengi hawajaambiwa kwamba yawezekana kupata kimoja bila kingine, yaani kujaza maji na kuzima kipashio, hewa ikipita juu ya maji baridi ikajichukulia unyevu wa kadiri. Ambaye hukiacha kipashio kikiwaka tangu jioni hulipwa alfajiri, kwani chumba kinapopoa ghafula, kama uwanda huu upoavyo, mvuke hugeuka matone ndani ya mpira, na matone hushuka mpaka puani, naye huamka akidhani anazama. Mashine iwekwe chini ya usawa wa kichwa, juu ya kigoda na si sakafuni penye vumbi, na mpira uvishwe kitambaa.

Lakini maji gani? Maji ya boho ya Kitengela ni magumu na yana chumvi. Sufuria zetu zinashuhudia kwa ule ukoko mweupe. Yakitiwa katika chombo cha mashine, baada ya muda mfupi sakafu ya chombo huwa nyeupe na ngumu. Watengenezaji hutaka maji yaliyokenekwa, na mtu asiyeyapata dukani ayachemshe yale ya mvua au ya chupa, awe anakiosha chombo kila asubuhi na kukikausha kivulini. Nasisitiza kivulini, kwa maana tabia yetu ya kuanika kila kitu juani huharibu silikoni na plastiki. Kichujio cha hewa nacho, ambacho kijitabu chaweza kukipa miezi, hapa hugeuka rangi ya udongo mapema zaidi, hasa kwa waliojenga karibu na machimbo ya mawe.

Na kwa kuwa wako wanaonunua mashine za mtumba kutoka ng'ambo, wakumbuke habari ya Juni 2021, wakati kampuni ya Philips ilipoyaita mamilioni ya mashine zake zirudishwe, kwa kuwa sifongo iliyowekwa ndani kupunguza mlio ilionekana kuwa yaweza kumomonyoka na chembe zake kuingia katika njia ya hewa. Kampuni yenyewe ilieleza kuwa kuisafisha mashine kwa gesi ya ozoni, na kuitumia penye joto na unyevu mwingi, kwaweza kuharakisha uharibifu huo. Hiyo ni pwani yetu imeelezwa sifa zake. Mwenye kununua atazame nambari ya mashine kabla ya kutoa fedha.

Stima ni shauri jingine. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilifunika karibu nchi nzima, likarudi tena Novemba na Desemba ya mwaka ule ule. Na kando ya hayo makubwa, kila mtaa una yake madogo. Mashine ikizimika, mwenye barakoa ya pua hufungua kinywa akapumua, na ile kubwa ina kilango kinachofunguka chenyewe ili mtu asikabwe na pumzi zake. Kwa hiyo hofu ya kufa ndani ya barakoa, niliyoisikia kwa watu wazima wenye akili zao, haina msingi. Lililo kweli ni kwamba feni nayo imezimika. Hapa kile kipashio hupata hukumu ya pili, kwa sababu mashine isiyopasha maji hutumia umeme kidogo mno kulinganisha na inayopasha, na betri ya sola yenye uwezo wa kutosha yaweza kuibeba usiku mzima.

Yote hayo mgonjwa aweza kuyafanya. Yaliyobaki si yake, na hapa ndipo ninapotaka kubishana na wakubwa. Kipimo kinachotajwa kila mahali cha mtu aliyetii tiba, kilichotoka kwa bima ya wazee ya Marekani, ni saa 4 kwa usiku katika asilimia 70 ya siku, na mashine huandika saa hizo kwa uaminifu wa karani. Mtumishi wa Kitengela hupanda kitandani saa nne chini ya slabu inayowaka. Chumba hupoa baada ya saa saba. Naye, ili asikwame Mlolongo, huamka saa kumi. Saa za baridi alizonazo ni tatu. Tena usingizi wa ndoto, ambamo aghalabu pumzi hukatika kwa wingi zaidi, hujikusanya sehemu ya mwisho ya usiku, ile ile ambayo msongamano wa Barabara ya Mombasa humnyang'anya. Sisemi auache mwanzo wa usiku. Nasema karani yule wa ndani ya mashine ameandika saa bila kuandika sababu, na daktari asomaye karatasi yake Nairobi, katika chumba chenye kipoza hewa, huhukumu kwa nusu ya ushahidi.

Waislamu miongoni mwetu wana fungu lao katika haya. Mwaka 2025 Ramadhani iliangukia Machi, katika miezi ya joto, na aliyevaa mashine alikatizwa na daku, akaswali alfajiri, akarudi kitandani bila barakoa kwa kuona muda uliobaki ni kidogo. Saa ile ni ya baridi, na ni ya usingizi mzito. Kuivaa tena wakati huo kuna faida kubwa kuliko inavyoonekana. Kinywa kikavu cha mchana nacho hakikutokana na saumu pekee, bali na hewa iliyovujia mdomoni usiku, na kwa hilo kuna mkanda wa kidevu.

Nataka nini, basi? Nataka daktari amwandikiapo mtu mashine hii aulize mambo matatu kabla ya kuuliza mfuko wake: paa ni la nini, stima hukatika mara ngapi, na maji hutoka wapi. Nataka muuzaji ampe mteja barakoa za namna mbili ajaribu jioni akiwa macho, akisoma gazeti au akitazama habari, mpaka uso uzoee kabla usingizi haujaombwa, na ampigie simu Februari kama alivyompigia siku ya kulipa. Nataka mgonjwa asijipunguzie mgandamizo kwa mkono wake kwa sababu ya joto, bali arudi kwa aliyempangia. Na kaunti, ambayo huidhinisha ramani za majengo na kutoza ada yake bila kuchelewa, isipitishe chumba cha kulala kisichokuwa na silingi na madirisha mawili yanayoelekeana, yenye wavu wa mbu. Nafasi ya hewa baina ya bati na mbao, rangi nyeupe juu ya paa, na mti mmoja upande wa magharibi, vyote kwa pamoja ni vya bei ndogo kuliko mashine moja.

Nilimrudia yule fundi nikamweleza habari hii ya ramani. Akasikiliza kwa adabu, akaniuliza kama mwenye ploti amekubali kuongeza pesa ya mbao. Nikamwambia bado. "Basi, Mzee," akasema, "mwambie angalau apake rangi nyeupe. Hiyo naweza kumalizia Jumamosi."